Saa 20 kwa Wiki: Timu za Kikapu za Vyuo Vikuu Marekani Zinavyojiandaa kwa Mpinzani Ajaye

Msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani huanza mwanzoni mwa Novemba na kumalizika mapema Aprili, lakini miezi inayompima kocha kuliko yote ni Januari na Februari. Kufikia hapo mechi za mwanzo dhidi ya timu nyepesi zimekwisha, na ligi zenyewe, kama Big Ten, Big East na ACC, zimepamba moto. Timu hucheza mara mbili kwa wiki, nyumbani na ugenini, na kati ya mechi moja na nyingine hupata siku mbili za mazoezi, pengine moja tu. Wachezaji ni wanafunzi: asubuhi wana vipindi, usiku wana kazi za darasani. Ndani ya nafasi hiyo finyu benchi la ufundi linatakiwa kurekebisha makosa ya mechi iliyopita, kuwapumzisha waliochoka, na kuwafundisha vijana jinsi ya kumkabili mpinzani ambaye wengine wao hawajawahi kumwona hata kwenye televisheni.

Muda wenyewe umewekewa mipaka. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinaruhusu saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja kila wiki iwe ya mapumziko kamili. Siku ya mechi huhesabiwa kuwa saa 3, hata mchezo ukienda muda wa nyongeza. Timu yenye mechi mbili hubakiwa na saa 14, na humo ndimo hutoka mazoezi ya uwanjani, chumba cha kunyanyua vyuma na vikao vya kutazama video. Kabla ya msimu mambo huwa tofauti: kuna siku 42 za kufanya vipindi 30 vya mazoezi, na huko ndiko mfumo wa timu hufundishwa tangu mwanzo. Kocha anayeingia Januari huku timu yake haijui kurudi haraka kulinda kikapu chake atalifundisha hilo kwa kuziiba saa za jambo jingine.

Safari nazo hula muda. Tangu Agosti 2024 vyuo vya UCLA, USC, Oregon na Washington, vyote vya pwani ya Pasifiki, vimo katika Big Ten, ligi yenye wanachama hadi New Jersey na Maryland, upande wa pili wa bara. Tofauti ya majira ni saa tatu. Kijana wa Los Angeles anayecheza New Jersey anaingia uwanjani wakati mwili wake ungali ukihesabu alasiri, na siku ya kusafiri mara nyingi huishia kwenye kunyoosha misuli na kurusha mpira kidogo.

Kwa hiyo mazoezi hufupishwa kadiri msimu unavyosonga. Kipindi kilichochukua karibu saa tatu mwezi Oktoba hushuka hadi saa moja na nusu Januari, na mwishoni mwa Februari timu nyingi hazizidi saa moja. Waliocheza dakika 35 Jumamosi huwekwa pembeni Jumatatu wakapige mitupo huru, huku wale wa benchi wakitoka jasho. Makocha wenye hofu hufanya kinyume: wakifungwa, wanaongeza mazoezi ili kuadhibu. Adhabu ya namna hiyo hulipwa kwenye mechi inayofuata, katika dakika kumi za mwisho, miguu inapokataa na mitupo ikaanza kufia kwenye ukingo wa mbele wa kikapu. Dakika 70 za kasi ya mechi zina faida kuliko saa mbili za kujikokota, kwa sababu mwili huzoea kasi ile unayoizoeza.

Maandalizi ya mpinzani huanza mbali na uwanja. Kanuni za NCAA haziruhusu makocha kusafiri kwenda kumtazama mpinzani watakayekutana naye msimu huohuo, isipokuwa pale timu zote zinapokuwa kwenye mashindano yaleyale mahali palepale. Kazi hiyo hufanywa kwa video. Makocha wasaidizi hugawana wapinzani kwa zamu: mmoja anamchukua wa Jumatano, mwingine wa Jumamosi, wa tatu anakuwa tayari ameanza wa wiki ijayo. Mwenye zamu hutazama mechi kadhaa za karibuni za mpinzani wake, akichagua hasa zile alizocheza na timu zenye mtindo unaofanana na wa timu yake, kisha anakata vipande. Siku hizi mifumo kama Synergy humpangia video kwa aina ya shambulizi, akaweza kuona kwa mfululizo kila mara namba fulani alipopokea mpira akitokea nyuma ya kizuizi cha mwenzake upande wa kushoto.

Takwimu humwelekeza pa kutazama. Mwaka 2004 Dean Oliver, katika kitabu chake Basketball on Paper, alieleza mambo manne yanayoamua ushindi: ubora wa mitupo, kupoteza mpira, ribaundi za kushambulia, na kufika kwenye mstari wa mitupo huru. Makocha wengi husoma pia hesabu za Ken Pomeroy, ambazo hupima ufanisi wa timu kwa kila umiliki wa mpira 100, hivyo timu ya kasi na timu ya taratibu zikaweza kulinganishwa kwa haki. Mpinzani anayepata pointi zake nyingi kwa ribaundi za kushambulia humwambia kocha wazi kwamba Jumanne hiyo dakika zitumike kuzuia miili chini ya kikapu. Asiyeweza kufunga kwa mbali humwambia walinzi warudi nyuma hatua mbili.

Hapo ndipo hutokea kosa lililo rahisi kulifanya. Kocha msaidizi aliyekesha akitazama video anajua mambo hamsini kuhusu mpinzani na anatamani kuyasema yote. Mchezaji wa miaka 19 aliyetoka kwenye mtihani wa kemia hatabeba mambo hamsini. Akijaribu kuyabeba, anafika uwanjani akiwa anafikiri wakati wenzake wanakimbia. Kikao kizuri cha video hudumu dakika kumi hadi kumi na tano, na mchezaji hutoka nacho mambo mawili au matatu ya timu nzima pamoja na jambo moja kuhusu mtu atakayemkaba.

Jambo hilo moja huonekana dogo, na ndilo hupewa dakika nyingi uwanjani. Mlinzi yuko chini ya kikapu, pasi inarushwa kwa mshambuliaji aliye pembeni nyuma ya mstari wa pointi tatu, ambao kwa wanaume uko mita 6.75 kutoka kikapuni tangu msimu wa 2019–20. Mlinzi lazima amkimbilie. Akiwa ni mpiga mitupo hodari, mlinzi hukimbia hadi mwisho, mkono juu, kifua karibu, akikubali kupitwa ilimradi mtupo usipigwe. Akiwa ni mtu wa kupenya kwa kudunda mpira, mlinzi hukimbia theluthi mbili ya njia, kisha hupiga hatua fupifupi, makalio chini, akiacha nafasi ya urefu wa mkono na kuufunga upande wa mkono anaoutumia sana. Miguu ileile inatakiwa kujua mwendo gani ni wa nani, na kujua hivyo katika nusu sekunde. Katika zoezi hilo kocha huwavalisha fulana za rangi mbili wanaoigiza wapinzani, rangi moja kwa wapigaji na nyingine kwa wapenyaji, na wachezaji hurudia mpaka rangi ziondolewe na namba pekee zitoshe.

Wanaovaa fulana hizo ndio kikosi cha kuigiza mpinzani, na kazi yao haisifiwi inavyostahili. Kwa kawaida huundwa na wachezaji wa mwisho wa benchi, wanaokaa msimu mzima bila kucheza ili kuhifadhi mwaka wao wa ushindani, na wanafunzi waliojiunga na timu bila ufadhili wa masomo. Jumatatu wanajifunza mashambulizi matano ya Michigan State, Alhamisi wanayasahau na kujifunza ya Purdue. Kocha msaidizi huwaita kwa majina ya wapinzani, na kijana ambaye hatapata dakika hata moja Jumamosi anaambiwa apige mitupo kama nyota wa timu pinzani, bila woga, hata akikosa. Kikosi hiki kikiwa kivivu, kikosi cha kwanza huingia kwenye mechi kikidhani mpinzani ni mwepesi. Tangu makubaliano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 15 katika kikapu, na wanaobanwa zaidi na kikomo hicho ni vijana wa aina hii.

Timu za wanawake zilipata njia yao zamani. Pat Summitt, aliyeifundisha Tennessee kuanzia 1974 hadi 2012 na kushinda ubingwa wa taifa mara 8, alitumia wanafunzi wa kiume kama wapinzani wa mazoezini, na vyuo vingi vikafuata. Mwanamume wa mita 1.95 aliyecheza sekondari humlazimisha senta wa kike kufunga juu ya mikono mirefu kuliko atakayokutana nayo kwenye ligi. Desemba 2006 kamati ya NCAA ya michezo ya wanawake ilipendekeza kupiga marufuku utaratibu huo, ikidai unawanyima nafasi wachezaji wa kike walio benchi. Marufuku hayo hayakupitishwa. Hoja ya kamati ilikuwa na uzito wake, kwani msichana aliyepewa ufadhili hakwenda chuoni kutazama wavulana wakifanya mazoezi na wenzake. Makocha wenye busara hulitatua kwa kugawa dakika, ili wa benchi naye ajaribiwe dhidi ya wavulana haohao.

Urefu usioigizika huigizwa kwa vifaa. Timu inayosubiri kucheza na mzuiaji wa mita 2.20 humpa kocha msaidizi ufagio, akasimama chini ya kikapu na kuuinua kila mtupo unapopigwa. Wachezaji hujifunza kurusha mpira juu zaidi, kusimama ghafla mita tatu kabla ya kikapu, au kutoa pasi hewani.

Mtanzania Hasheem Thabeet aliwapa makocha wa Big East tatizo hilohilo kwa misimu mitatu. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, aliichezea Connecticut chini ya Jim Calhoun kuanzia 2006 hadi 2009, akatajwa mlinzi bora wa Big East 2008 na 2009. Msimu wake wa mwisho alizuia wastani wa zaidi ya mitupo 4 kwa mchezo. Hesabu hiyo haioneshi mitupo ambayo wapinzani hawakuthubutu kuipiga. Kujiandaa dhidi yake kulimaanisha kubadili mahali pa kumalizia shambulizi, na kila timu ilikuwa na siku mbili tu za kuwafanya vijana waache mazoea ya maisha yao yote.

Februari 16, 2009, Pittsburgh, iliyokuwa ya nne nchini, ilikwenda Hartford kuvaana na Connecticut, iliyokuwa ya kwanza. Badala ya kumkwepa Thabeet, Pittsburgh ilimwendea. DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita kama 20 lakini mwenye nguvu nyingi za miguu na kiuno, alimgusanisha mwili tangu mwanzo na kumsukuma mbali na kikapu kabla mpira haujafika. Katika tukio moja mikono yao ilinaswa wakigombea mpira, na Blair akamrusha jitu lile juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh ilishinda 76–68, mara yake ya kwanza kuifunga timu inayoongoza nchini. Mbinu hiyo isingewezekana kwa kila timu, kwa sababu si kila chuo kina Blair. Ilikuwa maandalizi yaliyoanza na swali sahihi: ni kitu gani chetu ambacho yeye hakipendi?

Timu hizo zilikutana tena Machi 7, na Pittsburgh ikashinda 70–60. Mkutano wa pili wa ligi una maandalizi yake. Kila upande una video ya mechi ya kwanza na wachezaji hawahitaji kuambiwa nani ni nani, kwa hiyo kocha hutafuta kilichobadilika na kuandaa jambo moja au mawili mapya. Mengine huachwa kama yalivyo.

Wapo wapinzani wanaodai wiki nzima kwa sababu mtindo wao hauonekani kwingine. Syracuse ya Jim Boeheim, aliyeifundisha kuanzia 1976 hadi 2023 na kutwaa ubingwa wa 2003, ilicheza ulinzi wa kanda wa watu wawili mbele na watatu nyuma, wote wakiwa na mikono mirefu. Kwenye video mapengo yanaonekana, lakini ukifika uwanjani yameshazibwa. Kikosi cha kuigiza hakiwezi kuiga urefu huo, ndiyo maana makocha wengine huongeza mlinzi wa sita au wa saba mazoezini ili njia za pasi zibane kama zitakavyobana siku ya mechi. Princeton ya Pete Carril ilitesa kwa njia nyingine. Ilipasiana kwa subira mpaka mlinzi asogee mbele kuiba mpira, kisha mshambuliaji akakata nyuma ya mgongo wake kuelekea kikapuni. Machi 14, 1996, UCLA, bingwa mtetezi, iliingia uwanjani ikiujua mkato huo kama kila mtu alivyoujua, na ikafungwa 43–41 kwa mkato huohuo sekunde zikiwa zinayoyoma.

Mechi hiyo inawapa nguvu wanaosema mpinzani apewe muda mdogo mazoezini. Mkubwa wao ni John Wooden, aliyeipa UCLA ubingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975. Hakupenda kuwazungumzia wapinzani mbele ya wachezaji wake. Kila asubuhi aliketi na wasaidizi wake kwa muda wa karibu sawa na mazoezi yenyewe, akipanga kila dakika, kisha akaandika mpango kwenye kadi ndogo alizotia mfukoni. Zoezi lilikoma dakika yake ilipofika, hata kama halijakamilika, na lingine likaanza mara moja. Msimu wa 1974–75 wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa pembeni ya uwanja wakihesabu alichosema. Waliandika matendo 2,326 ya kufundisha, na takriban robo tatu yake yalikuwa maelezo: fanya hivi, weka mguu hapa, pasi itoke mapema. Sifa na karipio vilikuwa vichache.

Hata hivyo njia ya Wooden ilikuwa na bei yake. Januari 19, 1974, UCLA ilikwenda Notre Dame ikiwa imeshinda mechi 88 mfululizo. Wiki hiyo kocha Digger Phelps alikuwa amewaambia vijana wake wapande na kuzikata nyavu mazoezini, kama mabingwa wafanyavyo, ili waamini ushindi kabla haujaja. UCLA iliongoza kwa pointi 11 ikiwa zimebaki dakika tatu na ushei. Notre Dame ilifunga pointi 12 za mwisho na kushinda 71–70. Uzito unaobaki upande wa Wooden ni kwamba mazoea ya timu hudumu msimu mzima, wakati maarifa kuhusu mpinzani mmoja huisha Jumamosi usiku. Makocha wengi wa leo hutoa kama theluthi moja ya dakika zao kwa mpinzani, na zilizobaki ni za timu yenyewe: pasi, ribaundi, kurudi nyuma, mitupo. Ni mgawo wa haki.

Wiki ya kawaida hufuata mgawo huo. Jumapili ni mapumziko. Jumatatu hutazamwa video fupi ya makosa ya Jumamosi, kisha timu hunoa mambo yake kwa kasi. Jumanne kikosi cha kuigiza huonesha mashambulizi ya mpinzani, kwanza kwa mwendo wa kutembea, halafu kwa kasi kamili, na mipira ya kurushwa kutoka nje ya mstari hupewa nafasi yake kwa kuwa wapinzani wengi hupata humo pointi za bure. Jumatano ni mechi. Alhamisi huwa nyepesi kwa waliocheza, na Ijumaa hurudia kazi ya Jumanne kwa muda mfupi zaidi.

Karibu kila kipindi hufungwa kwa hali za mwisho wa mchezo: timu iko nyuma kwa pointi mbili, sekunde nane, hakuna muda wa mapumziko uliobaki. Villanova ya Jay Wright ilirudia shambulizi lake la sekunde za mwisho kila siku ya mazoezi. Aprili 4, 2016, kwenye fainali dhidi ya North Carolina, mizani ikiwa sawa na sekunde 4.7 zimebaki, Kris Jenkins alirusha mpira kwa Ryan Arcidiacono, akamfuata nyuma, akarudishiwa pasi na kufunga pointi tatu. Ikawa 77–74. Kwa miezi mitano dakika hizo chache zilikuwa zimetengwa ingawa kulikuwa na mambo mengi yaliyoonekana ya haraka zaidi.

Asubuhi ya mechi timu hukutana kwa muda mfupi, hurusha mpira, hutembea kupitia mashambulizi ya mpinzani na kuondoka kabla miguu haijachoka. Utaratibu huo ulienezwa na Bill Sharman, aliyeifundisha Lakers ya NBA msimu wa 1971–72, ule waliposhinda mechi 33 mfululizo, na vyuo vikauchukua.

Machi ikifika hata siku mbili za maandalizi hupotea. Katika mashindano ya taifa ya timu 68, mshindi wa Alhamisi hucheza tena Jumamosi, hivyo wasaidizi huandaa wapinzani wawili kwa pamoja na kutupa kazi ya yule aliyetolewa. Mashindano ya ligi hubana zaidi. Usiku wa Machi 12, 2009, jijini New York, Syracuse iliifunga Connecticut ya Thabeet 127–117 baada ya vipindi 6 vya nyongeza, mchezo ukaisha saa saba na ushei usiku. Jioni iliyofuata Syracuse ilitakiwa kucheza na West Virginia. Haikuwezekana kufanya mazoezi yoyote, ila kulala, kula, kutazama video na kuambiana majina ya wa kukabwa. Ilishinda 74–69, tena katika muda wa nyongeza, na fainali ya kesho yake ikafungwa na Louisville 76–66.